Laptopu Kumi na Robota Moja la Leso

Likizo kwa Dhahabu haikuwa ya kulala. Alfajiri alifagia uwanja, akateka maji ya mfereji, akala mahamri mawili kwa mbaazi zilizobaki jana, kisha akajitwika furushi la leso na kufuatana na mama yake hadi kwenye kibanda chao hapo Mtopanga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na aibu ya kuongea na watu hakuijua. Hujamaliza kutaja rangi unayoitaka, yeye keshakukunjulia leso mbele ya macho.

"Mtoto huyu ana mikono minne," wateja walisema.

"Na midomo sita," mama yake, Bi. Mwanatabu, aliwajibu.

Bi. Mwanatabu alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Robota jipya la leso, yaani mzigo mzima uliofungwa kwa kamba, likifika kutoka mjini, alifungua leso ya juu tu. Aliitazama nakshi, akasoma jina la leso, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa juu yake, kisha akaandika nje ya robota: rangi kadha, jina kadha. Ya pili hakuigusa. Kwa miaka kumi na miwili robota moja lilikuwa nakshi moja na jina moja, na Dhahabu aliyaamini hayo kama alivyoamini kwamba baada ya Alhamisi huja Ijumaa.

Asubuhi alikuwa kibandani. Mchana, likizo hiyo ya Aprili mwaka 1999, alikuwa na shughuli nyingine aliyoipenda kuliko kula.

Ofisi moja ya meli mjini ilikuwa imekipa kituo cha vijana cha Mtopanga laptopu kumi, kompyuta za kukunja ambazo watu wengi mtaani walikuwa wameziona gazetini tu. Lakini kulikuwa na sharti. Ijumaa baada ya Alasiri mgeni kutoka ofisi hiyo angekuja kuzikagua. Akikuta zote kumi zinafanya kazi, zingebaki. Akikuta hata moja imelala, zote zingepelekwa shule moja ya Mikindani iliyokuwa ikizisubiri kwa hamu. Vijana arobaini walikuwa wameshajiandikisha kusoma. Jina la mwisho kwenye orodha, kwa mwandiko wa madaha, lilikuwa la Dhahabu.

Fundi alikuwa Mwalimu Phineas, kijana mrefu kutoka bara, ambaye hakuwa ametimiza miezi miwili pwani na bado alishangaa watu wanaposalimiana kwa dakika tano nzima. Alimpenda Dhahabu kwa sababu aliuliza maswali bila kuchoka. Siku ya Jumanne alimwita kwenye meza.

"Kompyuta hizi zimefutwa kila kitu," alimweleza. "Kwa sasa ni masanduku tu. Lazima tuzipakie mfumo, ile programu kuu inayoiamsha kompyuta. Kwa kawaida ukipakia mfumo, kompyuta inakuuliza maswali chungu nzima: saa za wapi, lugha gani, kioo cha namna gani. Mimi nimeandika majibu yote ndani ya flopi hii, diski hii ndogo. Unaweka sidii ya mfumo, unaweka flopi, unawasha, unakunja mikono. Inajijibu yenyewe mpaka mwisho."

"Lo! Mtihani unaokuja na majibu yake!" Dhahabu akacheka.

"Ndiyo, lakini jibu moja likiwa la uongo, mtihani wote umeanguka. Sikiza vizuri. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina draiva yake, programu ndogo inayoifundisha kompyuta kukitumia kifaa hicho. Ukiipa draiva isiyo yake, inaganda papo hapo. Sasa, laptopu hizi zinaweza kuwa na kadi za picha, zile zinazochora kwenye kioo, za aina mbili. Geuza kila moja. Chini utaona karatasi yenye namba ndefu, na mwisho wa namba kuna herufi, K au T. Andika unachokiona kwa macho yako."

Akampa daftari lenye safu tatu: namba ya laptopu, herufi, na mwisho kabisa, "Imeonwa na."

Dhahabu akageuza laptopu ya kwanza. K. Akageuza ya pili. K. Akazitazama nane zilizobaki. Rangi moja, ukubwa mmoja, zimetoka sanduku moja, hata vumbi lao ni moja. Akatabasamu. Nani asiyejua robota? Akaandika K mara kumi, na kwenye safu ya mwisho akaandika "Dhahabu" mara kumi, tena kwa mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Haikumchukua dakika tano.

"Umeshamaliza?" Mwalimu Phineas aliuliza kwa mshangao.

"Mimi binti wa muuza leso, mwalimu. Kwetu kazi hailali."

Mwalimu akacheka, akamwamini. Jioni hiyo seremala akaja na vyuma na skrubu, akazifunga laptopu zote mezani, nne nne kwa kila moja, kwa amri ya Mzee Faki, mwenyekiti wa kituo. Mzee Faki aliogopa wezi kuliko moto. Kuanzia hapo, sehemu ya chini ya laptopu haikuonekana tena na mtu.

Jumatano kazi ikaanza. Laptopu ya kwanza ikajipakia yenyewe kwa dakika arobaini, ikawaka vizuri. Ya pili vilevile. Dhahabu akapiga makofi. Ya tatu ikaenda mpaka nusu, ikafika mahali inapotafuta kadi ya picha, mara mistari ya rangi ikakipasua kioo, kisha kikawa cheusi tititi. Ikabaki sauti ya feni tu.

Mwalimu Phineas akaizima, akaanza upya. Ikaganda palepale. Akaenda ya nne. Ikakubali! Ya tano ikaganda. Ya sita ikaganda.

"Hii maneno inanishinda," alisema, akijikuna kichwa. "Inaganda kwenye draiva ya picha. Lakini draiva ni ile ile iliyokubali kwenye moja, mbili na nne. Na daftari linasema zote ni K." Akamgeukia Dhahabu. "Kabla sijafungua skrubu za watu, niambie. Uliziona zote kumi?"

Dhahabu alilitazama daftari, na jina lake mara kumi. Angeweza kusema. Lakini alijua kwamba ni K. Ingekuwaje nyingine? Na akisema hapana, mwalimu atamwona mtoto mdogo, atamwondoa kwenye kazi.

"Zote, mwalimu," alisema.

"Basi tatizo haliko hapo," alijibu Mwalimu Phineas, na akaliweka daftari kando.

Alhamisi asubuhi mama alimruhusu Dhahabu kukiacha kibanda mpaka kazi ya kituo iishe, na mwalimu akaanza kutafuta mahali pengine. Aliisafisha sidii, akajaribu laptopu ya tatu. Ikaganda. Akarudisha kama ilivyokuwa, akabadilisha waya wa umeme. Ikaganda. Akatengeneza flopi nyingine, majibu yale yale. Ikaganda.

"Kwa nini hubadilishi vyote kwa pamoja?" Dhahabu aliuliza.

"Ukinywa dawa tatu kwa pamoja ukapona, utajua ipi imekuponya? Kimoja kimoja, Dhahabu. Na kila ukijaribu, andika."

Alikuwa bado akiandika Mzee Faki alipoingia, fimbo mkononi na kofia upande.

"Shikamoo, mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba. Ngapi zinafanya kazi?"

"Tatu, mzee."

"Tatu! Na kesho Ijumaa!" Mzee Faki akagonga fimbo sakafuni. "Wallahi nilijua. Niliambiwa nitafute fundi wa hapa hapa, mimi nikang'ang'ania mtu wa bara. Sidii yako mbovu, ama mikono yako mibovu, sijui. Nikuambie wazi, bwana. Kesho laptopu hizi zikienda Mikindani, nawe funga virago vyako. Vijana arobaini nitawaambia nini?"

Mwalimu Phineas hakupandisha sauti. "Nimekuelewa, mzee. Kuna kitu sijakiona. Bado natafuta."

Dhahabu aliinamisha uso. Alimwonea mwalimu huruma mpaka machozi yakamlenga. Lakini mimi nimefanya nini, alijiambia. Robota ni robota.

Saa saba mchana alimpelekea mama yake chakula kibandani. Hakuwa ameketi bado alipomwona Bi. Mwanamkasi, mteja wao wa miaka mingi, akija mbio na furushi kichwani, jasho linamtiririka.

"Mwanatabu! Umenifanya nini, mwanamke wewe?" Akalitua furushi kwa kishindo. "Nimenunua kwako doti kumi za sare ya arusi ya mwanangu. Nimezigawa kwa ndugu. Leo wanajaribu kujifunga, nyumba nzima inacheka. Tazama!"

Akakunjua leso mbili, moja kulia, moja kushoto. Rangi ya machungwa, nakshi ya korosho, pindo jeusi. Ungeapa ni moja. Lakini ya kulia iliandikwa *Wema hauozi*, na ya kushoto *Mgeni njoo mwenyeji apone*.

"Sita *Wema hauozi* kama nilivyotaka, nne vile! Hiyo ni sare gani?"

Dhahabu akatazama mama yake. Alitarajia aseme kosa ni la duka la mjini. Mama ana ulimi, kweli angeshindwa kujitetea? Lakini Bi. Mwanatabu alizishika zile leso mbili, akazisoma taratibu, kisha akakunja uso.

"Zilitoka robota moja," alisema. "Nilifungua ya juu tu, dadangu. Nikakuapia kwamba zote ni sawa, na sikuwa nimeziona. Kosa ni langu. Niachie hizo nne. Jumamosi asubuhi utapata nne za jina ulilolitaka, inshallah, na sitaki hata senti."

Hasira za Bi. Mwanamkasi zikaisha kama moto wa makumbi ya nazi uliomwagiwa maji. "Basi yamekwisha, Mwanatabu. Arusi ni Jumapili. Mradi nizipate."

Alipoondoka, mama aliita, "Dhahabu! Nipe sinia la chakula. Dhahabu!"

"Abee, mama."

"Mbona huji?"

Dhahabu alikuwa akizikodolea macho zile leso. Rangi moja, nakshi moja, zimetoka robota moja. Na majina mawili. Akamsimulia mama yake yote: K mbili alizoziona, K nane alizozibuni, jina lake mara kumi, na lile "zote, mwalimu" alilolitamka jana bila kupepesa macho.

Bi. Mwanatabu hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mwalimu anajua?"

"Hajui. Mzee Faki anataka kumfukuza."

"Basi unangoja nini hapa? Nenda ukaseme."

"Mzee Faki yuko palepale, mama."

"Ndiyo vizuri. Hutahitaji kusema mara mbili."

Dhahabu alikwenda. Alipofika mlangoni hakusimama hata kidogo maana alijua akisimama atageuka. Mzee Faki alikuwa kwenye kiti chake. Mwalimu Phineas alikuwa ameinamia laptopu ya tatu.

"Mwalimu, sidii si mbovu," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilizigeuza mbili tu. Nane nilizibuni. Na uliponiuliza, nilikudanganya."

"Mtoto wewe!" Mzee Faki akainuka. "Yaani mimi nimemtolea mtu maneno mazito bure bilashi?"

Mwalimu Phineas alimgeukia Dhahabu. "Nilikuuliza," alisema. "Jana. Nimepoteza siku nzima kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, kwa sababu nililiamini jina lako." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, na Dhahabu aliyaona maumivu hayo. Yalimchoma kuliko kiboko.

"Nisamehe, mwalimu."

Mwalimu akafungua mtoto wa meza, akatoa bisibisi, akamnyooshea. "Skrubu nne. Anza na namba tatu."

Dhahabu alizilegeza moja moja, mkono ukiuma, maana seremala hakuwa amezifunga kwa mzaha. Akainua chuma, akaigeuza laptopu, akafuta vumbi kwa upindo wa leso yake. Akasoma namba yote kwa sauti mpaka herufi ya mwisho.

"T."

"T!" Mwalimu Phineas aliruka, akasahau hasira zake. "T! Aki, na mimi nikahangaika na waya!"

"Draiva ya T tutaitoa wapi sasa?" Mzee Faki aliuliza kwa wasiwasi.

"Imo ndani ya sidii hiyo hiyo, mzee, tangu mwanzo. Ni flopi yangu iliyokuwa ikijibu K mahali pa T. Nitaandika flopi ya pili."

Alipokuwa akiandika, Dhahabu aliendelea na bisibisi. Hakuruka hata moja. Zile mbili alizoziona Jumanne pia alizifungua na kuzigeuza tena, Mzee Faki mwenyewe akimshikia skrubu kwenye kofia yake. Zilipatikana K tano na T tano: tatu, tano, sita, tisa na kumi. Akachora mstari juu ya ukurasa wa zamani, akaanza mpya, na safari hii hakuandika "Dhahabu" kabla karatasi haijasomwa.

Kisha wakaiwasha namba tatu kwa flopi mpya. Wote watatu wakakaa mbele ya kioo. Ikafika nusu. Ikafika mahali inapotafuta kadi ya picha. Dhahabu akashikilia ukingo wa meza. Kioo kikawa cheusi kidogo, kikapepesa, na hiyo hapo, picha ikafunguka safi kama siku ya Idi, herufi zimenyooka. Mzee Faki akapiga kelele ya furaha mpaka wauza samaki wa nje wakachungulia dirishani.

Ijumaa walifika kituoni saa moja asubuhi. Zilibaki sita. Flopi ya K ikaenda kwa wenye K, flopi ya T kwa wenye T, na sidii ikitoka laptopu moja inaingia nyingine. Saa nne stima ikapotea mtaa mzima, na betri za laptopu zilikuwa zimekufa zamani. Dhahabu alizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga, lakini Mwalimu Phineas alikaa tu akisoma daftari. "Sasa tunajua tunachofanya," alisema. "Umeme utarudi." Ulirudi saa nane mchana. Laptopu ya kumi ilimaliza wakati muadhini wa Alasiri alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Mgeni alikuwa mama mmoja mwenye miwani, Bi. Jerioth, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwasha laptopu zote kumi, moja baada ya nyingine. Kisha akachukua daftari, akafungua ukurasa uliochorwa mstari.

"Huu ni nini?"

Mwalimu Phineas alifungua mdomo, lakini Dhahabu alimtangulia. "Ni uongo wangu, mama. Niliandika kabla ya kuona. Ukurasa unaofuata ndio wa kweli."

Bi. Jerioth akafunua ukurasa wa pili, akausoma kutoka juu mpaka chini. Akatoa kalamu, akatia sahihi karatasi zake. "Zitabaki Mtopanga," alisema.

Mgeni alipoondoka, Mzee Faki alimsogelea Mwalimu Phineas, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, jana nilikutusi mbele ya mtoto. Leo nakuomba radhi mbele ya mtoto huyo huyo. Nilihukumu kabla sijaona. Kumbe ugonjwa wa Dhahabu hata mimi mzee ninao."

"Yamekwisha, mzee," alisema Mwalimu Phineas. Kisha akamwita Dhahabu. "Sikiliza. Kukosea hakukunisumbua. Fundi asiyekosea ni yule asiyefanya kazi. Kilichotugharimu siku nzima ni jina lako kwenye safu ya mwisho. Mtu akiandika amekiona kitu, wenzake wanaacha kukitazama. Kama hukuona, sema sikuona. Hapo sote tutatazama pamoja, na kompyuta haitatushinda."

"Nimesikia, mwalimu."

"Na Jumatatu uje mapema. Nahitaji mtu wa kushika daftari."

Dhahabu alidhani hakusikia vizuri. "Mimi?"

"Nani mwingine anaujua uchungu wa daftari hilo?"

Jumamosi asubuhi Bi. Mwanamkasi alifika kibandani, mbio vilevile, arusi kesho, hina mbichi vidoleni. Robota jipya lilikuwa limefika kutoka mjini. Dhahabu alikata kamba, akachukua doti ya juu, akaikunjua, akasoma jina la leso. *Wema hauozi.* Akaiweka kando. Akachukua ya pili, akaikunjua. Kisha ya tatu.

"Yaa Rabi, mwanangu, nina pilau motoni!" Bi. Mwanamkasi alilalamika. "Leo mikono minne imekwenda wapi?"

Bi. Mwanatabu alicheka chinichini. Dhahabu hakuinua macho. Akaikunjua ya nne, akaisoma herufi kwa herufi, akazikunja vizuri zote nne na kumkabidhi mteja.

"Umeziona zote?"

"Zote, shangazi," alisema Dhahabu.